Kihispania cha Wendell

Mara ya kwanza Thora alipomsikia mumewe akicheka kwa Kihispania, hakujua kwamba ni yeye. Alikuwa juu ya paa akianika mashuka, na kicheko kilitoka ng'ambo ya barabara, kicheko kinene cha mtu aliyeshiba, kikaishia kwenye kikohozi. Akajiambia, nani huyo aliyefurahi hivi asubuhi yote hii? Akasogea ukingoni akachungulia. Mlangoni mwa duka la tortila, zile chapati nyembamba za mahindi, alikuwa amesimama Wendell, mume wake wa miaka arobaini na minne, mikono kiunoni, kichwa kakirusha nyuma, meno yote nje. Mbele yake Doña Eduviges, mwenye duka, alikuwa anamwigiza mtu fulani anayechechemea, huku aproni yake imejaa unga wa mahindi.

Shuka lilimponyoka Thora mkononi, likaangukia vumbi.

Wendell hakuwa mtu wa kucheka. Huko Manitoba, Kanada, alikuwa fundi wa pampu za maji, mrefu, mwenye nyusi nyeupe tangu ujana, na nyumbani maneno yake yalikuwa machache kama wageni wa majira ya theluji. Asubuhi: "Kahawa ipo?" Jioni: "Leo baridi." Siku ya harusi mama yake Thora alimnong'oneza bintiye kwamba huyu angalau hatamgombeza. Na kweli hakumgombeza. Hakumgombeza, hakumsimulia, hakumtania. Thora alizoea. Akawa anaongea kwa niaba ya wote wawili, mpaka kwa daktari: "Goti la kulia ndilo linalomsumbua zaidi," husema yeye, na Wendell hutikisa kichwa.

Ni hayo magoti yaliyowaleta Las Higueritas. Theluji ilipowashinda, Thora aliacha ukarani wa shule, Wendell akaacha pampu zake, wakauza nyumba, wakashuka mpaka pwani hii ya Nayarit, Meksiko, ambako mtu huvaa soksi kwa kupenda tu. Walikuwa na mwaka wa nne sasa. Kila Ijumaa walikutana na wastaafu wenzao, Wakanada na Wamarekani, kwenye ukumbi wa hoteli, kila nyumba na bakuli lake la chakula. Thora alitosheka na hao. Kihispania chake kilikuwa "habari za asubuhi", "asante" na "bila pilipili". Cha Wendell kilikuwa kidogo kuliko hicho, mpaka siku mashine ya Doña Eduviges ya kuchomea tortila ilipokatika mnyororo.

Siku hiyo Wendell alikuwa kwenye foleni, na kitambaa cha kufungia tortila mkononi kama wengine. Mashine ikakoroma, ikatikisika, ikasimama, na kinamama kumi na wawili wakaanza kulalamika kwa pamoja. Wendell alichomoa spana mfukoni, maana alitembea na spana kama wanaume wengine wanavyotembea na leso, akapita nyuma ya kaunta bila kuomba ruhusa. Aliporudi nyumbani ilikuwa saa saba mchana, kapakaa grisi mpaka masikioni, na kilo mbili za tortila chini ya kwapa.

"Ulikuwa wapi?" Thora aliuliza.

"Mnyororo ulikatika," alisema Wendell. Kisha akaongeza, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo, "Mashine nzuri ile. Ya zamani."

Tangu hapo akawa mtu wa duka la tortila. Alitoka saa mbili asubuhi kununua kilo moja, akarudi saa tano. Akapeleka mafuta ya kulainishia. Akapeleka bolti. Akaanza kuchomekea shati. Siku moja Thora alimkuta mbele ya kioo cha bafuni akitamka neno moja tena na tena, ulimi umempinda, kama mtoto anayejifunza kupiga mluzi.

"Unasema nini?"

"Fundi wa kufuli," alisema Wendell. "Ni gumu kweli."

"Na fundi wa kufuli unamtakia nini wewe?"

"Simtakii kitu. Alikuwa shemeji yake Doña Eduviges. Kuna kisa chake." Akafuta midomo, akatoka, na kisa akaondoka nacho.

Thora angekuwa na nafuu kama Doña Eduviges angekuwa mrembo. Angejua pa kuanzia kumchukia. Lakini alikuwa mwanamke wa miaka sitini na sita, mjane, mfupi, mpana, mwenye jino la dhahabu na mikono yenye makovu ya moto kuanzia viganjani mpaka kwenye viwiko. Thora alikuwa na miaka sitini na minane na kiuno chake bado kilikuwepo. Siku moja aliamua kwenda mwenyewe, akaketi juu ya kreti la soda karibu na mlango, akasema moyoni, haya, semeni sasa niwasikie. Wakasema. Wendell alisema sentensi nzima, halafu nyingine. Doña Eduviges akapiga kaunta kwa kiganja, akajibu, na Wendell akajibu tena haraka, na wateja wawili wakaangua kicheko. Mumewe alikuwa mchekeshaji! Watu wazima walikuwa wakisimama hapo na tortila zao zinapoa ili wamsikie Wendell Bjarnason!

"Umesema nini?" Thora alimshika shati.

"Ah," alisema Wendell kwa Kiingereza, na pale pale uso wake ukarudi kuwa ule wa nyumbani. "Haitafsiriki."

Doña Eduviges alitoka nyuma ya kaunta, akampapasa Thora shavuni kwa mkono wa unga, akasema jambo la upole lenye jina lake ndani. Watu wa mtaa walimwita Doña Tora, yaani Bi Tora, na kwa masikio yao jina hilo lilikuwa karibu sana na neno lao la ng'ombe dume. Thora alitabasamu. Nyumbani aliosha shavu mara mbili.

Ijumaa iliyofuata, hotelini, mwanamke mmoja kutoka Ohio aliinamia bakuli lake la saladi ya viazi akasema, "Thora, mpenzi, mumeo ameajiriwa? Kila nikipita namkuta nyuma ya kaunta, kajifunga aproni."

"Anasaidia mashine," alisema Thora.

"Mashine ipi?" aliuliza yule mwanamke, na meza nzima ikacheka.

Wendell alikuwa upande wa pili wa meza hiyo, anatafuna, kimya. Thora alimtazama akafikiri: ana mdomo, ana ulimi, ana visa vya mafundi wa kufuli, na vyote ameviacha kule.

Jumatatu alikwenda kwa mwalimu Hortensia, mwalimu mstaafu aliyefundisha wageni kwenye chumba cha nyuma cha maktaba ya mji. Nyumbani aliaga kwamba anakwenda kushona na wenzake. Mwalimu Hortensia alikuwa mwembamba, alijua Kiingereza, na aliwafundisha wazee kama alivyowafundisha watoto wa darasa la pili, rula mkononi.

"Unakitaka Kihispania kwa ajili gani?" aliuliza. "Soko? Hospitali? Benki?"

"Kwa ajili ya kusikia," alisema Thora.

"Kumsikia nani?"

Thora alitazama dirishani. Mwalimu akafungua daftari. "Haya. Tutaanza na wakati uliopo. Ninakula, unakula, anakula. Yaliyopita tutayafikia mwezi wa nne."

"Nifundishe kwanza kusema: unamtaka mume wangu?"

"Kitenzi hicho," alisema mwalimu bila kuinua macho, "kina matatizo. Andika: ninakula."

Akaandika. Miezi miwili Thora aliandika, mara tatu kwa wiki. Usiku alikariri chini ya shuka midomo ikicheza bila sauti, na mchana akipita mbele ya duka alitega masikio. Alianza kuokota neno hapa na pale: mvua, bei, goti, mpumbavu. Haikumpa raha. Zamani aliona ukuta tu. Sasa ukuta ulikuwa na matundu, naye hakuacha kuchungulia. Siku moja alisikia Doña Eduviges akisema "mkeo", na Wendell akajibu kwa sauti ya chini, na hakuna aliyecheka. Neno hilo alitembea nalo wiki nzima. Mkeo nini? Mkeo mzee? Mkeo hajui? Mkeo lini anaondoka?

Ndipo gia kubwa ya mashine ikavunjika meno. Safari hii spana haikutosha. Wendell aliagiza gia mpya Guadalajara, akachora umbo lake kwenye karatasi, akapiga simu mwenyewe, kwa Kihispania, akitembea huku na huku barazani kama mkurugenzi. Siku ya nne, tarehe sita, pikipiki ya vifurushi ilisimama mlangoni. Wendell hakuwepo, alikuwa kule. Thora alitia sahihi. Kifurushi kilikuwa kidogo na kizito, kama tofali lililofungwa kwa karatasi. Alisimama nacho sebuleni. Alisikia feni ikizunguka. Kisha akaenda kukizika mahali ambapo Wendell hakuwahi kutia mkono maisha yake yote: chini ya kapu la nguo chafu.

Alijiambia ni kwa siku moja. Wendell atashinda nyumbani siku moja, atachoka, ataongea.

Hakushinda nyumbani hata saa moja. Bila gia, Wendell alichukua tupa na kipande cha chuma akaanza kuichonga yeye mwenyewe, uani kwa Doña Eduviges, kuanzia asubuhi mpaka jua linapopinda. Alirudi na vidole vyenye malengelenge, akala, akalala. Alipiga simu Guadalajara wakamwambia kifurushi kimefika. "Waongo," alimwambia Thora, na hasira ilimfanya aseme maneno mengi kuliko kawaida. "Wanasema kimetiwa sahihi! Nani kakitia sahihi? Mama wa watu anapika kwa mikono kule, vifundo vimemvimba, na wao wanakaa kwenye kiti wanasema kimetiwa sahihi!"

"Inasikitisha," alisema Thora. Angesema wakati ule, lakini alimsikia akisema "mama wa watu" kwa sauti ambayo yeye hakuwahi kusemewa, akanyamaza.

Siku ya kumi alipanda paani kuanika. Chini, mbele ya duka, Doña Eduviges alikuwa amekaa kwenye lile kreti la soda, mikono yote miwili ndani ya ndoo ya maji. Viganja alikuwa amevifunga vitambaa. Mwanamke mmoja alisimama juu yake akimfokea kwamba watoto wamekwenda shule na mkate, mkate kama wagonjwa. Doña Eduviges hakumjibu. Alikuwa anaiangalia mikono yake tu ndani ya maji, kama anasubiri imwambie kitu.

Aibu ilimpanda Thora mpaka kwenye nywele. Alishuka, akapekua kapu, akatoa kifurushi, akabandua soksi iliyokigandia. Mpango wake ulikuwa wa kioga: atapita uchochoro wa nyuma, atakiweka kwenye kizingiti cha mlango wa uani, ataondoka. Watafikiri mtu wa pikipiki alikosea.

Mlango wa uani ulikuwa wazi nusu. Ndani kulikuwa na mapipa ya mahindi yaliyolowekwa kwa chokaa, na nyuma ya mapipa sauti ya tupa ikisugua chuma taratibu. Kisha tupa ikanyamaza na Wendell akaanza kusema.

Thora alielewa. Hilo ndilo lililomshtua kwanza, kabla ya maneno yenyewe. Kihispania cha Wendell kilikuwa kama chake: kidogo, kibovu, polepole, maneno ya darasa la kwanza yaliyopangwa moja moja.

"Mtoto ana miaka minne," alisema Wendell. "Jina Solveig. Jioni, yeye ana homa. Mama yake, yeye anasema, twende daktari. Mimi nasema hapana. Nje theluji nyingi. Mimi nasema, ni mafua, acha, yeye analala, kesho iko sawa."

"Ndiyo," ilisema sauti ya Doña Eduviges, chini. Inaonekana haikuwa mara ya kwanza kukisikia kisa hicho.

"Asubuhi yeye hapana sawa. Shingo yake ngumu. Mimi naendesha gari. Daktari anasema, kwa nini jana hapana kuja? Mimi hapana kusema. Mke wangu hapana kusema. Siku mbili. Halafu, basi."

Hakujua kuweka vitenzi katika wakati uliopita. Kwa hiyo ndani ya Kihispania chake Solveig bado alikuwa na homa, bado analala, na gari bado linakwenda kwenye theluji. Miaka thelathini na minane. Kwa miaka thelathini na minane Wendell hakuwahi kulitaja jina hilo mbele yake. Mwanzoni Thora alijaribu. Alilitaja mezani, Wendell akainuka akaenda kwenye banda la zana. Alilitaja kitandani, akageukia ukuta. Mpaka naye akaacha, akawa anaongea habari za majirani na bei ya siagi, miaka yote hiyo, kuuziba ule ukimya. Na huyu hapa. Jina hilo amempa mwanamke wa tortila.

Angemkuta amemkumbatia, angeumia kidogo.

Hakuondoka. Alisukuma mlango kwa mguu akaingia, akasimama kati ya mapipa, na kile Kihispania alichojifunza kwa siri kikamtoka chote kwa mpigo mmoja.

"Mtoto ile ni yangu!" alisema. "Yangu pia! Mimi mama! Wewe unasema kwa yeye, wewe hapana kusema kwa mimi!"

Wendell aligeuka, tupa mkononi, mdomo wazi. "Unajua Kihispania?"

"Ninakula, unakula, anakula!" Thora alimfokea, na machozi yakaanza.

Doña Eduviges ndiye aliyekiona kifurushi. Alikichukua taratibu kutoka mikononi mwa Thora kwa vidole vyake vilivyovimba, akakigeuza, akasoma mhuri. Akausoma tena.

"Tarehe sita," alisema. "Leo tarehe kumi na sita." Alimtazama Thora, na jino la dhahabu halikuonekana. "Jirani. Siku kumi."



"Angalia hapa." Doña Eduviges alinyoosha mikono. "Siku kumi napiga tortila kwa hii mikono. Ulidhani nini? Namtaka? Huyu?" Alimwonyesha Wendell kwa kidevu. "Mimi nilimzika mume aliyekoroma miaka thelathini, jirani. Nimepumzika. Wa pili wa kazi gani? Nimpike?"

Alikuwa anasema haraka na Thora hakushika yote, lakini alishika "huyu" na alishika "koroma", na akatamani sakafu ipasuke.

"Nenda nyumbani," alisema Doña Eduviges. "Wewe unabaki," alimwambia Wendell. "Kwanza gia."

Kwa hiyo Thora alikaa barazani peke yake saa mbili na nusu akisubiri, na hata wakati huo, pamoja na aibu yote, wivu haukumwachia. Wako pamoja. Anamwambia nini tena sasa? Ng'ambo ya barabara mashine ilikohoa, ikanguruma, ikaanza kwenda, na mtu akapiga makofi. Wendell alikuja akiwa amenawa mikono. Aliketi kwenye kiti cha pili.

"Uliificha," alisema.

"Niliificha."

"Wapi?"

"Kwenye nguo chafu. Chini ya soksi zako."

Wendell alifikiri. "Nisingeipata," alikubali.

Thora hakutabasamu. "Kwa nini yeye?" aliuliza. "Niambie hilo tu. Nilikuwa palepale, Wendell. Miaka yote nilikuwa palepale. Kwa nini yeye?"

Alichelewa sana kujibu, na Thora aliogopa kwamba atainuka, kama zamani, kwenda kwenye zana. Hakuinuka.

"Nikisema kwa Kiingereza," alisema hatimaye, "namsikia daktari. Neno kwa neno. 'Kwa nini hamkuja jana.' Nikifungua mdomo tu, yupo. Kwa Kihispania hayupo. Aliniuliza kama tuna watoto, kama anavyouliza kila mtu, nikajibu kabla sijajua najibu." Alisugua malengelenge yake. "Na yeye hakuwepo usiku ule. Wewe ulikuwepo. Mimi ndiye niliyekwambia umwache alale."

"Nakumbuka."

"Nilidhani umesahau. Nilikuwa naomba uwe umesahau."

"Wendell." Thora aligeuza kiti chake kumwelekea. "Mimi nilidhani ni kosa langu. Kwamba nilikusikiliza. Kwamba mama mwenye akili angemfunga mtoto kwenye blanketi akatoka naye. Nilidhani ndiyo maana huwezi kuniangalia."

Alimwangalia sasa. Macho yake yalikuwa mekundu, na hakuwa mchekeshaji, wala hakuwa yule wa "leo baridi". Alikuwa mtu ambaye Thora hakuwa amemwona tangu majira yale ya theluji. Alinyoosha mkono juu ya meza. Thora aliutazama mkono ule kwa muda kabla ya kuuchukua.

"Bado nina hasira," alisema.

"Najua."

"Umempa yeye kwanza. Hilo halitanitoka leo wala kesho."

"Najua, Thora."

Waliongea mpaka chakula cha mchana kikawa cha jioni. Haikuwa rahisi, mara kwa mara Wendell alikwama, na alipokwama Thora alimwambia, "Sema kwa Kihispania," naye akasema, na maneno yale ya darasa la kwanza yakapita.

Doña Eduviges hakusamehe upesi. Kwa wiki tatu, Thora akifika dukani, alihudumiwa wa mwisho, hata kama alifika wa kwanza. Alisimama pale na kitambaa chake huku wanawake waliokuja nyuma yake wakipita na kumcheka kwa macho, na tortila alizopewa zilikuwa zile za pembeni, zilizokunjamana. Alizichukua, akasema asante, akarudi kesho yake. Wendell aliendelea kwenda. Thora alitaka kumkataza. Siku mbili tatu alifungua mdomo kabisa. Alishindwa kwa sababu sasa alirudi na visa, na alivimwaga mezani kimoja kimoja, hata kile cha fundi wa kufuli, ambacho kwa kweli hakikutafsirika vizuri.

Kisha Jumapili moja, duka limefungwa, Doña Eduviges aligonga mlango wao. Alikuwa amevaa gauni la kanisani na viatu vilivyombana. Wendell alikuwa jikoni anahangaika na bomba la sinki.

"Sikuja kwa ajili yake," alisema Doña Eduviges, akajiketisha barazani bila kukaribishwa, akavua kiatu kimoja. Alisema polepole, kama mtu anayemwekea mwenzake mawe ya kuvukia mto. "Jirani, nina swali. Yule mtoto wenu, nilimuuliza Don Wendell alipenda kula nini. Maana mimi mtoto simfahamu mpaka nijue anakula nini. Akaniangalia kama nimemuuliza habari za mwezini. Akasema, mke wangu ndiye anajua."

Thora alisimama na kitambaa cha vyombo mkononi. "Yeye hapana kujua?"

"Hajui."

"Hapana kabisa?"

"Kabisa, jirani. Wanaume."

Thora alivuta kiti mpaka magoti yake yakakaribia kugusana na ya Doña Eduviges. Hakulijua jina la chakula chenyewe. Alionyesha urefu wake kwa vidole, akaonyesha chupa ya mdomo mpana, akakunja uso kwa uchachu.

"Matango," alisema Doña Eduviges. "Matango ya siki!"

"Matango ya siki! Yeye anaweka mkono wote." Thora alizamisha mkono mpaka kwenye kiwiko ndani ya chupa isiyokuwepo. "Mkono haitoki! Mimi navuta, yeye analia, lakini hapana kuachia tango. Halafu yeye anakunywa maji yake. Yote. Macho imefungwa, hivi."

Alifumba macho, akainua kidevu, akanywa. Alipofumbua, Doña Eduviges alikuwa ameshika mdomo kwa mikono yote miwili, ile mikono yenye makovu, na uvimbe ulikuwa umekwisha.

Wendell alikuwa amesimama mlangoni, spana mkononi, maji yakimdondoka kwenye mikono ya shati.

"Alikuwa anakunywa siki?" aliuliza kwa Kiingereza. "Lini? Mbona mimi sikuwahi kuona?"

"Ulikuwa kazini," alisema Thora bila kugeuka. "Ngoja kwanza, naongea na Doña Eduviges."

Akaendelea, akitafuta kila neno bila haraka, na Wendell akabaki pale mlangoni akisikiliza.